Kukata Video ya Somo la Afya bila Kupotosha Maana

Katika somo la kuharisha kwa watoto ipo sentensi moja ambayo muuguzi haachi kuwaambia akina mama: "Usimnyime mtoto maziwa ya mama anapoharisha." Mtu anayetaka kuitoa sentensi hiyo kwenye video ndefu na kuituma peke yake, akichelewa kuanza kwa chini ya nusu sekunde, hupoteza silabi mbili za mwanzo. Kinachobaki husikika hivi: "Mnyime mtoto maziwa ya mama anapoharisha." Sauti ni ya muuguzi yule yule, sare ni ile ile, bango la kliniki linaonekana nyuma yake, na agizo limegeuka kuwa kinyume chake.

Kiswahili hubeba ukanushi mwanzoni mwa kitenzi. "Usimpe" ikikatwa kichwa huwa "mpe". "Msiwape" huwa "wape". Viambishi hivyo ni vifupi, hutamkwa haraka, na msemaji aliyezoea kusema mbele ya watu huvimeza anapoteremka kutoka sentensi iliyotangulia. Ubaya zaidi ni kwamba kilichobaki baada ya kukatwa si neno bovu linalomshtua msikilizaji. Ni Kiswahili safi, chenye sarufi kamili.

Ndani ya somo zima kosa kama hilo lisingedhuru sana, kwa kuwa mwalimu hurudia jambo lake mara tatu au nne kwa maneno tofauti, na mama asiyeelewa huuliza. Kipande cha sekunde 60 hakina marudio wala maswali. Kinaingia kwenye simu ya mtu asiyekuwapo, kinatazamwa jikoni mtoto akilia, kisha kinatumwa kwa jirani. Makala haya yanahusu namna ya kukitengeneza kipande hicho kwa kutumia kihariri cha video kinachofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, na yanawalenga wahudumu wa afya wanaorekodi masomo yao pamoja na wagonjwa wanaoyapokea.

Kihariri kisichosakinishwa

Mtumiaji wa kihariri cha aina hii hufungua kivinjari kama Chrome au Edge, huingia kwenye tovuti inayotoa huduma hiyo, huchagua faili lake la video, na kazi yote hufanyika katika ukurasa huo. Clipchamp, iliyoanzia Australia na kununuliwa na Microsoft mwaka 2021, ni mojawapo. Kapwing ya Marekani ni nyingine. Canva nayo ina sehemu ya video. YouTube Studio, ambayo walimu wengi wanayo tayari bila kujua kuwa ndani yake mna mkasi, humruhusu mwenye video kuondoa sehemu asizozitaka na kutia ukungu juu ya nyuso. Manufaa kwa kituo cha afya ni dhahiri. Kompyuta ya ofisi hutumiwa na watu wengi, nafasi yake imejaa, na mara nyingi hairuhusu programu mpya kusakinishwa bila idhini ya msimamizi wa mifumo.

Sura ya vihariri hivi hufanana. Juu pana dirisha la kutazamia. Chini umelala mstari wa muda, ambao ni video nzima iliyokunjuliwa kama mkeka kutoka kushoto kwenda kulia. Kijiti chembamba husogea juu ya mstari huo kuonyesha mahali video ilipofika. Kitufe cha kugawa, ambacho kwa kawaida huchorwa mkasi, hukata video pale kijiti kilipo. Ncha za kila kipande zinaweza kuvutwa ndani ili kufupisha au nje ili kurudisha kilichofichwa, kwa kuwa mkasi huu haupotezi kitu hadi kazi ikamilike na faili jipya litolewe. Ctrl na Z hutendua kosa. Mtu anayejua hayo machache anaweza kukata video. Mengine ni mapambo.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwenye ukurasa, nayo ni mahali video inapochakatwa. Vipo vihariri vilivyojengwa kufanya kazi ndani ya kompyuta ya mtumiaji, kivinjari kikiwa kama meza tu, na faili halitoki. Vipo vingine ambavyo hupakia video yote kwenye seva za kampuni, pengine katika nchi ya mbali, kabla ya kijiti kusogea hata hatua moja. Huduma moja inaweza pia kuwa na njia zote mbili kulingana na aina ya akaunti. Kwa video ya mwalimu aliyesimama peke yake mbele ya bango, tofauti hiyo ni ya bando tu. Kwa video iliyopigwa wodini ni suala la siri ya mgonjwa, na sheria ina neno lake hapo, kama itakavyoonekana mbele.

Hesabu ya bando nayo si ndogo. Simu nyingi za Android hurekodi picha ya pikseli 1080 kwa kiwango cha karibu megabiti 17 kwa sekunde. Somo la dakika 45 kwa kiwango hicho hufikia takribani GB 5.7. Kulipakia kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika huchukua zaidi ya saa mbili na nusu, na ni mitandao michache isiyokatika. Kwa hiyo ni busara kukata mara ya kwanza ndani ya simu yenyewe, kwa kihariri kidogo kinachokuja na simu, na kuacha dakika tano tu zinazozunguka sehemu inayotakiwa. Dakika tano hizo ndizo zipelekwe kwenye kivinjari. Faili la awali libaki lilivyo, katika folda ambayo hakuna anayeihariri, kwani siku mtu akidai kwamba kipande kimepotosha maneno ya mwalimu, ushahidi ni hilo faili.

Sentensi kwanza, mkasi baadaye

Wanaoanza kazi hii hufungua video, huisogeza mbele na nyuma, na kukata pale panapopendeza. Panapopendeza mara nyingi ni pale watu walipocheka. Mwalimu hodari huigiza: hubana sauti na kujifanya bibi mwenye msimamo anayesema kwamba mtoto anayeharisha asipewe maji, maana maji ndiyo yanayomzidishia. Darasa huangua kicheko kwa sababu kila mmoja anamjua bibi huyo. Kisha mwalimu hurudi kwenye sauti yake na kueleza kwamba ni kinyume, mtoto hufa kwa kukaukiwa maji. Kicheko ndicho kinachovutia mkasi, nacho kipo kwenye nusu isiyo sahihi. Kipande kikikatwa hapo, mtu mwenye koti jeupe anawafundisha watu kumnyima mtoto maji, na hakuna atakayejua kuwa aliigiza.

Dawa ya hilo ni kalamu. Mhariri asikilize somo lote mara moja bila kugusa kitu, akiandika dakika na sekunde za kila jambo lenye manufaa. Baada ya hapo aandike kwenye karatasi sentensi moja ambayo mtazamaji anapaswa kuweza kuisema baada ya kutazama kipande. Mfano: "Mtoto apewe dawa ya zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma." Sentensi hiyo ikishaandikwa, inajikagua yenyewe. Kipande kinachoishia kwenye "siku 10 hadi 14" hakijakamilika, kwa kuwa kosa la kawaida nyumbani ni kuacha zinki siku ya tatu, choo kinapoanza kuwa kigumu. Kipande kisichotaja umri nacho kina pengo, maana mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku na yule wa miezi 6 au zaidi miligramu 20.

Kwa maneno mengine, urefu wa kipande hutokana na sentensi. Ikiwa sentensi inahitaji sekunde 95, kipande kiwe cha sekunde 95. Tamaa ya kufikia sekunde 30 kwa sababu vijana hawatazami zaidi ya hapo imeharibu masomo mengi mazuri.

Mahali pa kukata

Vihariri vingi huonyesha sauti kama michoro ya mawimbi chini ya picha. Palipo na kilima, mtu anasema. Palipo bapa, pana ukimya. Mkasi uangukie mahali bapa, si kwenye mteremko wa kilima, na kila upande uachiwe karibu nusu sekunde ya ukimya. Ili kuona mahali hapo vizuri, mstari wa muda hukuzwa mpaka sekunde moja ichukue upana wa kiganja. Masikio pekee hayatoshi, hasa spika za kompyuta zikiwa dhaifu. Silabi "u" au "ha" ya mwanzo huweza kuwa kilima kidogo sana ambacho jicho huliona na sikio hulikosa. Baada ya kukata, sekunde tatu za kwanza zisikilizwe kwa spika za masikioni, mara mbili.

Mwisho wa kipande una hatari ya aina nyingine. Lugha ya tiba imejaa "lakini", "isipokuwa" na "ila kama". Mwalimu anaposema kwamba kuharisha kwa kawaida hutunzwa nyumbani kwa ORS, akavuta pumzi, akaendelea kusema kwamba mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na hazinduki apelekwe kituoni mara moja, ile pumzi inaonekana kwenye mawimbi kama mahali pazuri pa kukata. Ni pabaya kuliko pote. Dalili za hatari haziwezi kuwa kipande cha pili kitakachotumwa kesho. Mama aliyepokea cha kwanza hana hakika ya kupata cha pili. Kama ushauri una sharti, ushauri na sharti lake husafiri pamoja.

Kuna pia kukata katikati, pale mhariri anapoondoa kikohozi, simu iliyolia, au maelezo marefu ya pembeni, kisha akaunganisha ncha mbili. Kikohozi kiondolewe bila wasiwasi. Maelezo yanapoondolewa, mtazamaji ana haki ya kuona kuwa kitu kimetoka, na giza fupi la nusu sekunde kati ya sehemu mbili latosha kumwambia. Kuunganisha nusu ya sentensi ya dakika ya 12 na nusu ya sentensi ya dakika ya 31 si uhariri tena, ni kumtungia mtu maneno. Mwalimu aliyerekodiwa aonyeshwe kipande kabla hakijatoka. Yeye ndiye atakayeulizwa.

Picha nayo hukatwa. Video iliyorekodiwa kwa upana ikigeuzwa kuwa ya wima ili ijae kwenye simu, pande mbili hupotea. Katika onyesho la kuchanganya ORS, kinachopotea huenda ni chombo. Madukani chupa za maji ni za nusu lita, lita 1 na lita 1 na nusu, na kwenye skrini ndogo zinafanana. Pakiti ya lita 1 ikimiminwa kwenye chupa ya nusu lita, chumvi huzidi kiasi cha kumdhuru mtoto. Ikimiminwa kwenye lita 1 na nusu, dawa huwa nyepesi mno. Tena si pakiti zote ni za lita 1. Hivyo chombo kionekane, ujazo wake utajwe kwa sauti, na mtazamaji aambiwe asome kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti yake mwenyewe. Ikiwa mwalimu hakusema hayo siku ya kurekodi, ni afadhali kurekodi upya kuliko kubandika maandishi juu ya onyesho lisilo wazi.

Manukuu, saa na namba

Watu wengi hutazama video bila sauti: kwenye daladala, kwenye foleni, au kwa sababu hawasikii. Manukuu chini ya picha ni ya lazima. Vihariri kadhaa hutoa manukuu ya Kiswahili kwa kujiendesha vyenyewe, na kazi hiyo huokoa muda, mradi kila neno lisomwe na binadamu kabla ya kutolewa. Makosa katika majina ya magonjwa huonekana haraka na kuchekesha. Makosa ya namba na saa hayachekeshi.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia alfajiri. Muuguzi anaposema "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku", mwenye lugha anajua kuwa simu yake itaonyesha 08:00 na 20:00. Mashine isiyojua desturi hiyo inaweza kuandika 2:00, na mgonjwa anayefuata dawa zake kwa kengele ya simu ataitega saa nane za usiku. Manukuu yaandike "saa 2 asubuhi" na "saa 2 usiku", na neno la kipindi cha siku lisiachwe kamwe kwa kisingizio cha nafasi. Vivyo hivyo, "kila baada ya saa nane" ni muda kati ya dozi na dozi, ilhali "kila siku saa nane" ni wakati mmoja wa mchana. Manukuu yanayofupisha yote mawili kuwa "kila saa 8" yanamwachia mgonjwa kubahatisha.

Ufupisho wa bahasha za dawa, kama "1 × 3", nao usiingizwe kwenye video. Anayeuelewa ni yule aliyewahi kuelezwa dirishani. "Kidonge 1, mara 3 kwa siku" huchukua nafasi kidogo zaidi na hakumwachi mtu nje.

Muziki wa nyuma hauna kazi katika kipande cha aina hii. Hufunika zile silabi ambazo mhariri amezihangaikia.

Mgonjwa aliye nyuma ya mwalimu

Mwalimu yupo mbele, amekubali kurekodiwa na amevaa vizuri. Nyuma yake pana benchi. Juu ya benchi ameketi mwanamke ambaye hajamwambia mumewe kuwa anahudhuria kliniki ile. Mezani pana kadi zenye majina. Ukutani pana ubao ulioandikwa majina ya waliolazwa na vitanda vyao. Na katika dakika ya pili ya video, kutoka korido, sauti ya karani inaita jina kamili la mtu na chumba anachotakiwa kuingia, chumba ambacho kijiji kizima kinajua ni cha huduma gani.

Mhariri anayetazama mdomo wa mwalimu hayaoni hayo. Ndiyo maana kipande kinapaswa kutazamwa mara moja zaidi bila kumtazama mwalimu hata kidogo, macho yakizunguka pembeni, kisha mara nyingine macho yakiwa yamefumbwa. Nyuso za wasioridhia hufunikwa kwa ukungu, na ukungu huo ufuate mtu anaposogea. Maandishi yenye majina yafunikwe kwa kisanduku kizima chenye rangi, kwa sababu maandishi yaliyotiwa ukungu mwepesi wakati mwingine husomeka tena. Sauti ya karani ifutwe. Ikiwa imeingiliana na ya mwalimu, sehemu hiyo haitumiki. Mtu aliyefunikwa uso hutambulika kwa kitenge chake, mwendo wake, au mtoto aliyembeba, na katika kata yenye watu wachache hilo latosha. Kinga bora ni ya kabla ya kurekodi: kumgeuza mwalimu ili nyuma yake pawe na ukuta mtupu.

Ridhaa nayo ina mipaka yake. Mama aliyekubali somo lirekodiwe "kwa ajili ya mafunzo" hakukubali kuonekana kwenye simu za watu asiowajua. Aulizwe upya, kwa lugha nyepesi, akionyeshwa kipande chenyewe, na aambiwe ukweli kwamba kikishatumwa hakirudi. Akikataa, huduma yake isibadilike hata kidogo, naye alisikie hilo kutoka kinywani mwa anayemwomba. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inaweka masharti kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kupakia video ya wodini kwenye seva ya ng'ambo kwa sababu kihariri chake ni cha bure kunaweza kuwa usafirishaji wa taarifa hizo, ingawa aliyefanya hivyo alikusudia kukata dakika moja tu. Kituo kinapaswa kuamua mapema ni kihariri kipi kinachoruhusiwa na kwa video za namna gani, badala ya kumwachia muuguzi wa zamu aamue usiku.

Kutoa na kutuma

Uzito wa faili ni kiwango cha data kwa sekunde kuzidishwa kwa muda. Kipande cha sekunde 90 chenye picha ya megabiti 1 kwa sekunde na sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde huwa karibu MB 12.7. Kwa miaka mingi kikomo kilichozoeleka cha video za WhatsApp kilikuwa MB 16, na ingawa mambo yamelegezwa, ni kipimo kizuri cha huruma kwa anayenunua bando la siku. Picha ya pikseli 720 inatosha kabisa kwa mtu anayesema na mikono inayochanganya dawa. Kihariri kikiuliza mfumo wa faili, MP4 ndio unaofunguka kwenye simu nyingi, zikiwemo za zamani.

Ndani ya picha yenyewe, mwanzoni au mwishoni, yaandikwe mambo manne: jina la kituo, cheo cha anayesema, tarehe ya kurekodiwa, na mahali somo zima linapopatikana. Yakiandikwa kama ujumbe wa pembeni hayafiki mbali. Mtu wa pili akipakua video na kuituma upya, maelezo hubaki nyuma. Tarehe ndiyo inayosahaulika zaidi, ilhali miongozo ya tiba hubadilika. Ilikuwa mwaka 2004 ambapo WHO na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kupendekeza ORS yenye chumvi na sukari iliyopunguzwa pamoja na zinki. Somo zuri lililorekodiwa kabla ya hapo halitaji zinki popote, na kipande chake kisicho na tarehe bado kingeonekana cha leo.

Kabla ya kutuma, kipande kionyeshwe kwa mtu mmoja asiyekuwapo kwenye somo na asiye mhudumu wa afya: mlinzi, mpishi, mama aliyeketi kwenye foleni. Asiulizwe kama ameelewa, kwani atajibu ndiyo kwa heshima. Aombwe kueleza atafanya nini nyumbani. Akisema jambo tofauti na ile sentensi iliyoandikwa kwenye karatasi, kosa ni la kipande.

Kwa anayepokea

Mgonjwa anayeletewa kipande cha video kwenye simu anaweza kukipima bila utaalamu wowote. Je, kinaanza katikati ya neno au kinakatika ghafla? Je, anayesema anatajwa ni nani na wa wapi? Je, kuna tarehe? Je, kinamwambia aache dawa, apunguze, au amnyime mtoto kitu alichoagizwa kumpa? Swali hilo la mwisho likijibiwa ndiyo, kipande kisifuatwe mpaka kionyeshwe kwa mhudumu wa afya, na mhudumu anayeonyeshwa asikidharau. Mgonjwa aliyekuja na simu mkononi amefanya jambo sahihi. WhatsApp yenyewe huweka alama ya mishale miwili kwenye ujumbe uliopitishwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwa gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Alama hiyo haisemi kuwa ujumbe ni uongo. Inasema kuwa aliyeutuma si aliyeutengeneza.

Anayejiona kwenye video ambayo hakuiridhia anayo haki ya kukiendea kituo, kutaka iondolewe mahali popote ambapo kituo kinaweza kuiondoa, na kuandikiwa kuwa imeondolewa.

Kosa likishatoka

Hutokea. Kipande kilichokaguliwa na watu watatu hutoka kikiwa na manukuu yenye "40" badala ya "14", na linagundulika jioni, makundi sita yakiwa yameshakipokea. Kukifuta kwenye makundi hufanywa mara moja, lakini hakutoshi, kwa sababu simu nyingi huhifadhi video zenyewe na kuna waliokwisha kuipeleka kwingine. Kinachofaa ni kipande kipya, kifupi, kinachotumwa kwenye makundi yale yale na watu wale wale, kikianza na maelezo sahihi: dawa hii hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Baada ya hapo ndipo kitaje kuwa video ya tarehe fulani, inayoanza kwa picha fulani, ilikuwa na kosa la namba. Video yenye kosa isionyeshwe tena hata kwa sekunde chache za mfano, maana sekunde hizo nazo zitakatwa na mtu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeituma kwa kaya zake apigiwe simu, si kuandikiwa ujumbe tu, na zile kaya zenye mtoto anayetumia zinki wiki hiyo zitembelewe.

Kosa hilo liandikwe kwenye daftari la kazi pamoja na dakika na sekunde lilipotokea. Daftari likiwa na makosa kumi, mhariri mpya atajifunza humo mengi kuliko kwenye maelekezo ya kihariri chochote, kwa sababu ataona ni silabi zipi za walimu wa kituo chake huwa zinamezwa.